Mume wangu anataka tuishi likizo nzima shambani bila umeme wala bomba. Nikubali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 8, na tunaishi Dar es Salaam katika nyumba tuliyoijenga wenyewe kidogo kidogo. Ninashona nguo katika kibanda cha kupanga karibu na soko, na mume wangu ni fundi umeme aliyeajiriwa na kampuni. Hatuna ugomvi, na siandiki kumshtaki. Ninaandika kwa sababu amenijia na jambo ambalo siwezi kulikubali wala kulikataa kwa moyo mmoja.

Tangu mwaka jana, baada ya maji kukatika mtaani kwetu kwa majuma kadhaa, mume wangu amekuwa akifuatilia habari za familia zinazojitegemea kwa kila kitu: zinalima chakula chao, zinakinga maji ya mvua, zinazalisha umeme wao kwa jua na hazilipi ankara ya mtu. Sasa anataka tuitumie likizo yake ya siku 28, mwezi wa Juni shule zikiwa zimefungwa, kuishi hivyo katika shamba la marehemu baba yangu huko Handeni. Shamba hilo lina ekari 4, na kaka yangu hulima nusu yake. Kuna nyumba ya vyumba viwili yenye bati zima, upana wa mita 6 kwa 7 hivi, lakini hakuna mtu aliyelala humo tangu mama alipohamia kwa kaka kijijini. Maji ni ya lambo lililo umbali wa kilomita 2, ambalo hata mifugo hunywa humo. Kisima kifupi cha jirani kipo karibu zaidi, ila kiangazi kikikaza hubaki tope.

Ameshaweka masharti. Tusinunue chakula chochote isipokuwa chumvi, tutumie umeme wa paneli moja ya wati 100, na simu ziwe mbili, moja ikiwa imezimwa. Tukifaulu, anataka mwakani tuipangishe nyumba ya mjini na kuhamia huko moja kwa moja.

Shangazi, yeye amezaliwa na kukulia Temeke. Mimi nimezaliwa Handeni, na ninakumbuka nilivyokuwa nikiamshwa kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kuchota maji ndipo niende shule. Hata hivyo sitaki kumvunja moyo, kwa sababu hamu yake naiona kuwa ya kweli, na mimi pia ninatamani watoto wangu waijue ardhi ya babu yao. Mama yangu aliposikia alikasirika. Alisema hawakuuza ng'ombe nikajifunze cherehani ili nirudi kubeba dumu kichwani mbele ya watu. Kaka yangu amekaa kimya.

Nikubali? Na nikikubali, tujiandaeje ili tusirudi na jibu la uongo?

Mshonaji, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Kubali, lakini usikubali masharti yalivyo. Mume wako ameuliza swali zuri na akachagua njia ambayo haiwezi kulijibu, na wewe uliyelelewa katika maisha hayo ndiye unayeweza kumsaidia alirekebishe.

Siku 28 haziwezi kuonyesha kama familia inaweza kujilisha kwa ardhi yake. Mahindi yanahitaji miezi mitatu hadi minne tangu kupandwa hadi kukomaa, na muhogo unahitaji miezi tisa au zaidi. Mchicha na majani ya kunde ndiyo mboga za haraka kuliko zote, na hata hizo, mkizipanda siku mnayofika, mtaanza kuzichuma juma la tatu au la nne, mkiwa mnafunga mizigo. Kwa hiyo sharti la kutonunua chakula, likifuatwa kwa uaminifu, lina maana moja tu: mtakula mahindi ya kaka yako. Yeye atakuwa amelima tangu masika ilipoanza, nyinyi mtafika wakati wa mavuno, kisha mtasema mmejitegemea. Sishangai kwamba amekaa kimya.

Basi mwambie mume wako kwamba chakula kikuu mtakinunua, na ikiwezekana mkinunue kwa kaka yako huyo huyo kwa bei ya soko. Kwa watu wanne, wawili kati yao wakiwa watoto, hesabu unga wa kilo 2 kwa siku, yaani kilo 56 hivi kwa muda wote, pamoja na maharage kilo 15, mafuta, dagaa na chumvi. Mkichukua mahindi badala ya unga, kumbukeni kwamba kuna mashine ya kusaga ya kulipiwa na kuna kinu na mchi, na mume wako achague mapema ni kipi kati ya hivyo viwili na ni nani atakayetwanga. Hata babu zake na babu zako hawakuishi bila kununua. Walinunua chumvi, majembe na nguo, wakauza walichozidisha. Familia isiyonunua kitu kabisa haijawahi kuishi Handeni, na hakuna sababu ya yenu kuwa ya kwanza. Mboga ni jambo jingine, kwa kuwa hapo mnaweza kufanya kazi yenu wenyewe: mume wako aende mwanzoni mwa Mei, siku mbili tu, apande mchicha na kunde karibu na nyumba udongo ukiwa bado na unyevu, na mtakapofika mtakuta majani ya kuchuma. Mchunga, ile mboga chungu inayojiotea, utauokota mwenyewe. Huhitaji mtu wa kukufundisha.

Jambo ambalo siku hizo zinaweza kulipima kwa haki ni hili: kama nyumba yenu inaweza kuubeba uzito wa kazi ya kila siku bila uzito huo kumwangukia mtu mmoja. Anza na maji, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kila kitu kingine.

Lita 20 kwa mtu kwa siku ni kiasi cha kuishi kwa kubana, zikitosha kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga kwa kata. Watu wanne wanahitaji lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na hapo hujafua. Kila dumu lililojaa lina uzito wa kilo 20. Lambo likiwa kilomita 2, safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 4, na mtu mmoja anayebeba dumu moja kichwani atatembea kilomita 16 kwa siku kwa ajili ya maji peke yake. Mume wako ayaone mahesabu hayo kwenye karatasi kabla hajayaona kwa miguu. Baiskeli imara inayobeba madumu matatu au manne inabadilisha kabisa picha hiyo, na ningeinunua kabla ya kufikiria paneli ya pili au kuku.

Njia ya pili ni bati lenu, na hapa ndipo ningependa fundi wako aelekeze mikono yake. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Paa lenu la mita 42 za mraba, ukiondoa yale yatakayomwagika na kupotea, litawapa takriban lita 2,000 kutokana na mvua zenye jumla ya milimita 60. Masika ya Handeni huanza Machi na kwisha Mei, na Juni mvua huwa chache mno kutegemewa, kwa hiyo mifereji ya bati na tangi la lita 2,000 lazima viwe vimefungwa kabla Aprili haijaisha. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa yaachwe yapite, ndipo mkinge. Tangi lifunikwe, na mdomo wake uwekwe wavu wa kuzuia mbu wasitage. Tangi hilo likijaa litawatosha siku 25 kwa matumizi ya lita 80. Msipolifunga kwa wakati, mtabaki na lambo, na hapo hesabu inageuka: maji mnayogombania na ng'ombe yanatakiwa kutulizwa, kuchujwa kwa kitambaa safi na kuchemshwa hadi yatokote, na kila sufuria ya kuchemsha inakula kuni. Ndiyo maana nasema maji yataamua mengine yote. Mkitumia vidonge vya klorini badala ya kuchemsha, chujeni kwanza, kwa maana dawa hiyo haifanyi kazi vizuri katika maji ya tope, na mfuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu kuni, mafiga matatu ya wazi hupoteza sehemu kubwa ya moto wake pembeni, kwa hiyo jiko banifu la udongo lililojengwa siku chache kabla likakauka vizuri litakupunguzia safari za porini. Pikia mahali penye hewa. Sitaki uingize jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala hata usiku ukiwa na baridi, kwa sababu hewa inayotoka humo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Umeme sitausemea sana, maana nyumbani kwako kuna mtaalamu. Atakubaliana nami kwamba paneli ya wati 100 kwa siku yenye jua zuri inaleta, baada ya hasara zote, umeme wa kutosha taa tatu za ndani, redio na simu mbili, na kwamba haitoshi pasi wala birika la umeme. Namwomba tu asiizime ile simu ya pili. Iwe na chaji wakati wote, ikiwa na namba ya zahanati iliyo karibu na ya kijana mmoja wa bodaboda ambaye mmekwisha kuonana naye uso kwa uso. Mtoto akipata homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Jaribio lisiwe sababu ya kungoja kesho. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, na atakayetoka nje usiku avae viatu vilivyofunika miguu na kushika tochi, kwa sababu ya nyoka. Mtu akiumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, naye apelekwe hospitali mara moja. Choo cha shimo kikaguliwe kabla ya watoto kufika, kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na nje yake mtundike kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo barua yako imeligusa kwa mbali, nami sitaki kulipita. Mume wako atakuwa kwenye likizo yenye malipo. Wewe hutakuwa. Kibanda chako kitafungwa siku 28 huku kodi ikiendelea, na mteja aliyekuta kimefungwa mara mbili huenda kwa mshonaji mwingine. Gharama hiyo haikuwekwa katika hesabu yake, nadhani kwa kutoona tu, kwa kuwa haitoki mfukoni mwake. Iwekeni. Andikeni pamoja kiasi unachokipata kwa mwezi wa kawaida, na kiasi hicho kihesabiwe kuwa sehemu ya gharama ya jaribio sawa na tangi na baiskeli. Kama hamwezi kukibeba, jaribio liwe la siku 10, nami kwa kweli ningependelea siku 10.

Halafu gaweni kazi kabla ya kuondoka, kwa majina. Kwa kuwa swali ni la mume wako, maji na kuni viwe vyake kwa nusu ya kwanza ya muda wote, bila kusaidiwa isipokuwa akiugua. Usiseme kwamba unamwadhibu, kwa sababu huo si mpango wangu. Anataka kujua kama anaweza kuishi hivyo, na hawezi kulijua jambo hilo akiwa anarekebisha nyaya za paneli kivulini huku wewe ukitoka lamboni. Mwangalie pia mwanao wa kiume na binti yako. Ni rahisi sana, tena kwa watu wema kabisa, mvulana akajikuta anafundishwa na baba yake kufunga mifereji na msichana akajikuta anafuatana na mama yake na kidumu kidogo cha lita 5, kama wewe ulivyofuatana na mama yako. Wote wawili wajifunze kufunga mifereji, na wote wawili wachote maji. Tundika daftari ukutani, na kila jioni kila mtu aandike alichofanya na saa alizotumia. Siku ya mwisho litawaambia mengi ambayo hakuna kati yenu atakayeweza kuyabisha.

Kuhusu msimu, Juni inapendeza kuliko ukweli wa mahali penyewe. Mavuno yameingia, hali ya hewa ni ya upole, malambo bado yana maji. Familia inayohamia Handeni kwa sababu ya Juni itakutana na Septemba bila kuwa imejiandaa, na wewe unajua Septemba ya kwenu ilivyo, wakati vuli haijaja na foleni ya maji imekuwa ndefu. Ndiyo maana nashauri jaribio liwe la vipande viwili. Juni nendeni wote kwa siku 10, watoto waione ardhi ya babu yao na mle mahindi mabichi kama yatakuwa bado shambani. Siku zake za likizo zilizobaki aziweke akiba, arudi peke yake mwishoni mwa Septemba kwa juma moja au zaidi, ajipikie na kujichotea. Mwajiri wake akimkatalia kugawa likizo, basi Juni iwe matembezi tu, na uamuzi wa kuhama usubiri hadi atakapopata nafasi ya kiangazi. Kabla ya vipande vyote viwili kukamilika, nyumba ya Dar es Salaam isipangishwe kwa mtu yeyote, na kibanda chako kisirudishwe kwa mwenyewe. Hili sharti moja usilegeze.

Mama yako namwelewa vizuri. Ng'ombe waliouzwa walikuwa jasho lake, na kwake dumu kichwani mwako linafuta yote hayo mbele ya majirani wanaomjua. Usimjibu kwa simu, wala usimtume mume wako akamweleze faida za umeme wa jua. Nenda mwenyewe, ukae naye, umwambie kwamba hujafukuzwa mjini na kwamba cherehani yako ipo pale pale. Kisha umuulize anayoyajua: lambo hukauka mwezi gani katika mwaka mbaya, mti upi una kuni zisizotoa moshi mwingi, makopa ya muhogo mkavu huwekwaje yasiingie wadudu, nyumba ile huvuja upande gani. Ameendesha kaya katika shamba lile kwa miaka mingi bila bomba na bila umeme, na kama kuna mtu anayestahili kuwa mwalimu wa mume wako, ni yeye. Sina hakika kwamba atafurahi. Ila mzee anayeulizwa ujuzi wake hukasirika kwa namna nyingine kabisa na mzee anayepewa taarifa.

Na mume wako aelewe kwamba maisha anayokwenda kuyajaribu ni maisha ambayo watu wa pale wanaishi bila kuchagua. Mtakapofika, nendeni mkamsalimu mwenyekiti wa kitongoji mjieleze. Majirani wasipigwe picha za kuwekwa mitandaoni. Mkialikwa kula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa jirani, mnakwenda na mnakula, hata kama sharti la mume wako linasema mle vyenu tu. Msiba ukitokea, mnakwenda kukaa na wafiwa na kutoa mnachoweza, hata kama siku hiyo ilikuwa ya kujenga jiko. Mtaombwa kuchaji simu za watu, na ni vyema mkubaliane mapema ni ngapi kwa siku, ili paneli hiyo moja isilete lawama.

Limebaki suala la kaka yako. Ardhi ni ya marehemu baba yenu, anayeilima nusu yake ni yeye, na anayemtunza mama ni yeye. Neno la kuhamia moja kwa moja huenda limemfikia kabla hamjamwambia, na likimfikia hivyo atasikia kwamba dada na shemeji wanakuja kudai shamba. Kabla ya kununua tangi, baiskeli au mbegu, zungumza naye, mama yenu akiwepo, na umwambie waziwazi kwamba ekari anazolima hazitaguswa na jaribio hili, na kwamba habari ya kuhama, kama itakuwepo, italetwa kwenye kikao cha ukoo na kuandikwa. Muulize pia kama anaweza kuwapandia zile mboga mwezi wa Mei, iwapo mume wako atakosa ruhusa kazini, na umtajie mapema malipo yake.